Mkoba wa Gulwe na Pua ya Yoramu

Watu wa Nkuhungu, hapa Dodoma, wanajivunia mambo mengi, mengine hata hawana, lakini hili wanalo, na anayebisha apande gari aje aulize: mtaani kwao kuna mzee mwenye pua. Si pua ya kupengea makamasi, hiyo kila mtu anayo. Pua hasa. Yoramu, fundi baiskeli wa karibu na mashine ya kusaga, anashika kopo la gundi ya viraka, analipitisha chini ya pua mara moja, anakwambia mwenye duka ameongeza petroli. Mvua ikiwa bado iko Chamwino inajifikiria, yeye keshaingiza spana zake ndani, na wanaomcheka ndio wanaolowa. Binti yake Gladness akiunguza maharage nyumbani, Yoramu huko kijiweni anainua kichwa na kutangaza kwamba leo wanakula mkaa. Wasomi wa kule chuoni wana mashine za kupimia hewa zilizotoka ng'ambo. Nkuhungu wana Yoramu, na hatumii umeme.

Ndiyo maana habari ya mkoba wake iliwachekesha watu. Wachache, wakishamaliza kucheka, walinyamaza.

Ilianza pale kijiweni, baada ya mavuno, majira yale upepo wa Dodoma unapotia mchanga hata kwenye chai ya mtu aliyejifungia ndani. Alisimama kijana na pikipiki, anauliza njia ya kwenda kwenye duka la vipuri. Akaamkia vizuri, shikamoo mzee, na kwa sababu aliamkia vizuri akaulizwa ametoka wapi. Akasema Gulwe, kule Mpwapwa. Ukitaja Gulwe mbele ya Yoramu mikono yake huacha kazi yenyewe, bila kumwuliza mwenye mikono. Akamwuliza ni wa nani pale Gulwe. Kijana akasema anaitwa Stanley, mjukuu wa marehemu mzee Sila, yule aliyekuwa akitengeneza ngozi.

Yoramu akakaa juu ya tairi. Akaanza kuzunguka kwa maneno kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akauliza kisima kama bado kina maji. Akauliza stesheni. Akauliza mto Kinyasungwe kama bado unachukua reli kila ukifurika. Alipokwisha uliza habari za mawe na miti yote ya Gulwe ndipo akasema, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, na yule shangazi yenu mkubwa, mambo yake vipi. Stanley akasema shangazi Angelina yupo, amerudi kukaa kwenye boma la baba yake tangu mumewe alipofariki kule Kibakwe. Mzima, ana mbuzi wake, anaimba kanisani na kuwakosoa wanakwaya wote.

Kijana akaenda zake. Juma lililofuata akarudi, na safari hii hakuwa akitafuta kipuri.

"Mzee, shangazi anauliza, ule mkoba bado upo?"

Hapo ndipo mdomo ulipomponza Yoramu.

"Mwambie upo. Na uko vilevile kama siku aliyonipa."

Stanley akasema basi ni vizuri, maana shangazi amesema kama upo, uje nao Jumapili ya mavuno.

Sasa mkoba wenyewe. Ulikuwa wa ngozi, rangi ya udongo wa kwetu, mkanda mpana wa begani, na kwenye mfuniko wake kulikuwa na mstari wa shanga nyeupe na za bluu. Siku zile Yoramu alikuwa kijana wa genge la reli pale Gulwe, wale waliokuwa wakitembea juu ya mataruma ya reli asubuhi mpaka jioni kukagua njia na kukaza vilivyolegea. Alikuwa ametoka Haneti na suruali mbili na sauti nzuri. Mzee Sila alishona mkoba, Angelina akatia shanga kwa mkono wake, akaja kumpa Yoramu jioni kisimani. Akampa, kisha akabaki anamtazama usoni muda mrefu kama mtu anayengoja aambiwe jambo. Yoramu akasema asante. Msichana akaendelea kungoja. Yoramu akasema asante tena, na kwa kuwa maneno yalikuwa yamemwishia, akauvaa.

Tangu hapo haukushuka begani. Alitia humo uji wake wa chupa, karanga zake, kitabu chake cha nyimbo. Wakati wa kula, Nikodemo na wenzake wa genge walikuwa wakiinuka na kuhamia kivuli kingine, wakimwacha peke yake. Yoramu hakuona ajabu. Alijua ni wivu. Katika genge zima hakuna mwingine aliyekuwa ametungiwa hata ushanga mmoja na mtu yeyote.

Mzee Sila alitaka ng'ombe, na hilo si kosa. Hata wewe ungekuwa na binti kama yule usingemtoa kwa maneno matamu. Lakini mwaka ule ukame ulipita Haneti ukafagia zizi la baba yake Yoramu, likabaki la kuchezea watoto. Yoramu akaomba angojwe. Akahamishiwa genge la mbali, kule ng'ambo ya Manyoni, akawa ananunua mtamba mmoja mmoja na kumwacha kwa ndugu alishwe. Siku aliyoshuka Gulwe na habari kwamba ng'ombe wametimia, alikuta Angelina ameshaolewa Kibakwe. Hakuna aliyemdhulumu. Baba mtu alingoja masika moja, akangoja nyingine, na binti hawekwi ghalani kama mtama. Yoramu aliondoka na treni ya mizigo, amekaa juu ya magunia, mkoba mapajani, na wanasema hakuimba tena mpaka mvua zilizofuata.

Baadaye alimwoa Loisi. Alimpenda, na asiyeamini akamwone anavyolipalilia kaburi lake. Loisi naye alikuwa na macho, na mume mwenye pua hawezi kumficha kitu mke mwenye macho. Hakugomba, hakuuliza mkoba ule wenye shanga ni wa nani. Asubuhi moja aliutoa kwenye msumari wa chumbani, akautia chumvi ya mbuzi, akautundika bandani. Basi. Ukawa mkoba wa chumvi. Mbuzi wakililia chumvi, Loisi anatia mkono humo, anawapa. Ndoa yao yote mkoba ulikaa pale, na Loisi alipofariki hakuna aliyepata moyo wa kuuhamisha.

Yoramu alipotoka kijiweni siku ile ya ahadi, alikwenda moja kwa moja bandani. Msumari upo, mkoba haupo. Ulikuwa umeanguka siku nyingi, na juu yake amelala beberu. Beberu yule majirani wanamwita Mheshimiwa, kwa sababu ana ndevu, ana kitambi, anaongea sana na hajawahi kuteka maji. Ameufanya mkoba mto wake. Wanaofuga wanajua beberu anajipaka nini ndevuni anapotaka kupendeza. Wasiofuga waendelee kula nyama choma kwa amani.

Akauvuta, akaupangusa vumbi. Ngozi ilikuwa nzima, chumvi ilikuwa imeitunza, shanga zote zipo isipokuwa mbili tatu za pembeni. Moyo wake ukatulia. Vilevile, alisema peke yake. Akaingia nao ndani.

Gladness alikuwa barazani kwenye cherehani yake, anapinda sare za wanakwaya. Aliacha kukanyaga. Akaziba pua kwa kile kitambaa alichokuwa akikishona, na kwa sauti ya ndani ya kitambaa akamwomba baba yake arudishe nje alichobeba, chochote kile, na kama kimekufa kizikwe.

Yoramu akauinua mkoba, akaunusa mbele na nyuma. Akasema mbona hauna shida, unanukia ngozi tu, na chumvi kidogo. Gladness alidhani baba anamtania. Akamwita jirani, Mama Nasma, awe mwamuzi. Huyu jina lake ni Arafa, mtu wa mjini hasa, wale ambao babu wa babu yao alikuja na misafara, akaipenda Dodoma, akatua mizigo. Anauza udi na mafuta ya manukato, na katika mambo ya harufu neno lake ni la mwisho. Mama Nasma hakufika hata barazani. Alisimama uani, akarudi hatua mbili, akasema, "Baba Gladness, huyo beberu mmemchinja lini?"

Hapo Yoramu aliogopa. Alikuwa ametuma neno Gulwe, uko vilevile. Akamwona Angelina anaupokea mkoba, anageuza uso, anajua kwamba kitu alichokitungia shanga kimelaliwa na mbuzi miaka yote hii. Atasema nini? Mtu akikwambia kakitunza kitu chako, kisha kitu kinanuka zizi, umeshajua amekutunza vipi wewe mwenyewe moyoni. Jumapili ya mavuno ilikuwa inakuja. Akajiona tena juu ya magunia ya treni ya mizigo.

Akaanza kazi. Alianza na sabuni ya kipande na brashi ya kufulia, akaanika juani. Mwisho wa siku akauliza, "Sasa?" Gladness akanusa kwa mbali, akatikisa kichwa: jua limeipasha moto, sasa harufu inatembea. Siku nyingine akaja na malimau kutoka sokoni, akayakamua, akasugua ndani na nje mpaka vidole vikamwasha. "Sasa?" Gladness akasema sasa kuna beberu na kuna limau, kila mmoja kakaa kwake. Akatia mkaa ndani, akaufunga, akauacha. Mkaa ulipotolewa ulikuwa unanuka beberu na mkoba haukupungukiwa na kitu. Gladness akaangalia kwenye simu yake watu wa nchi nyingine wanafanyaje, akaambiwa magadi ya kuumulia maandazi na magazeti makavu. Wakatia. Mheshimiwa alipita akala gazeti lote, pamoja na ukurasa wa michezo aliokuwa akiungoja fundi mwenzake.

Mama Nasma akasema mnachezea mali, leteni hapa. Akawasha chetezo, akaweka udi mzuri, si ule wa kuuza, akafunika tenga juu, akautandaza mkoba juu ya tenga kama nguo ya bibi harusi. Mtaa mzima ulinukia. Watu walidhani kuna posa. Lakini kulipopoa, Mama Nasma mwenyewe alikuja akainama, akanusa, akainuka polepole na uso wa mtu aliyeshindwa katika kazi ya ukoo wake.

"Ni yuleyule," akasema. "Ila sasa kaoga anakwenda harusini."

Kila mara Yoramu alikuwa akiuliza "Sasa?" na kila mara akiutia puani mwenyewe kwanza, ananusa, anatikisa kichwa kwa kutoelewa. Watu walisema amezoea mbuzi. Lakini atazoeaje mbuzi mtu anayesikia petroli kwenye kopo lililofungwa? Kijiweni alianza kuharibu kazi, mtu analeta gurudumu la mbele anafungiwa la nyuma. Treni ikipiga honi upande wa stesheni anasimama na spana mkononi mpaka mlio uishe wote, kisha anamwuliza mteja alikuwa anasema nini.

Siku moja asubuhi, mkoba ukiwa juu ya kamba, umekakamaa kwa sabuni kama samaki mkavu, Gladness alitoka na sufuria ya maji, akamkuta baba yake amekaa chini yake anauangalia.

"Baba, unamsafishia nani?"

Akasema ni kwa ajili ya mavuno, Gulwe, kuna sherehe. Gladness akatua sufuria. Akasema anaijua habari ya Gulwe tangu alipokuwa mdogo. Mama alimsimulia wakipepeta karanga, bila kumtaja mtu kwa jina, akasema tu baba yako ana mzigo wake mmoja, usiuguse. Yoramu akaangalia chini. Kitu alichodhani kimefichwa bandani miaka yote kumbe kilikuwa kinapepetwa pamoja na karanga.

"Alinichukia kwa ajili yake?" akauliza.

"Angekuchukia angeuchoma. Alitia chumvi."

Kisha Gladness akaushusha mkoba, akasema wote mnakosea, mnauosha kama nguo na huu si nguo, ni chombo. Akauliza vibuyu vya maziwa mama alikuwa anavitoaje harufu. Sasa kila Mgogo aliyenyonya anajua jibu: kibuyu hakioshwi kwa sabuni, kinafukizwa. Lakini kufukiza ni kazi ya wanawake, na mwanamume akionekana ameinamia moshi wa kibuyu, watu wanamwuliza kama amejifungua salama. Yoramu asingeweza kuomba. Gladness alichukua vijiti vilevile alivyokuwa akivitumia mama yake, vilikuwa bado vimechomekwa juu ya dari la jikoni, akaviwasha, akavizima vikabaki makaa yenye moshi, akaviweka kwenye kigae cha chungu. Akaugeuza mkoba mdomo chini, akaufunika na kanga ya zamani ya Loisi, akawa anautikisa kidogo na kuuacha, anautikisa na kuuacha. Yoramu alikaa pembeni machozi yanamtoka, akisema ni moshi. Mwisho binti akaupaka samli mpaka ngozi ikalainika na rangi yake ikarudi.

"Sasa?"

Gladness alinusa kwa muda.

"Moshi upo juu," akasema. "Yeye yupo chini. Lakini sasa wanasikilizana."

Haikuwa imetoka. Jumapili haikuwa ya kungoja.

Kwenye basi la kwenda Mpwapwa aliweka mkoba kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko mwingine, na hata hivyo mama mmoja wa kiti cha mbele alifungua dirisha akaacha vumbi lote la Kongwa liingie, akiona afadhali vumbi. Mpwapwa alipokewa na Stanley na pikipiki. Mkoba akauvaa begani, maana hakutaka kufika nao Gulwe umefichwa kama bangi. Kwenye pikipiki harufu inabaki nyuma, hilo lilimfaa. Lakini njiani, reli ilipotokea kando yao, na mto umekauka umebaki mchanga mweupe, na vilima vilevile vimekaa palepale alipoviacha, aliushika mkanda wa mkoba kwa nguvu. Treni mpya ya umeme ilipita upande wa juu kwa njia yake mpya, bila moshi, na ilikwisha kabla hajainua kichwa. Zamani treni ilikupa nafasi ya kumwona mtu dirishani mpaka anapotea.

Ibada ilikuwa imekwisha, wanawake wanatoka na nyungo za mtama na maboga ya mnada. Stanley alimfikisha moja kwa moja bomani. Angelina alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya ukuta, anapekua mlenda mkavu kwenye ungo. Amenenepa, amepungua meno mawili, ana kitambaa cheupe kichwani. Mikono yake tu ilikuwa haijabadilika. Yoramu alikuwa ametayarisha hotuba tangu Dodoma, ndefu, yenye mstari wa zaburi katikati. Ilikwenda na upepo.

"Mbukwa," akasema, salamu ya kwao, kama mtoto aliyetumwa.

"Mbukwa, Yoramu. Karibu ukae. Umechelewa."

Hakusema umechelewa ibada au umechelewa nini. Yoramu akakaa. Akauvua mkoba, akampa kwa mikono miwili. Jua la mchana lilikuwa limeipasha ngozi vizuri. Angelina hakuangalia shanga. Alifumba macho, akauweka karibu na uso, akavuta pumzi. Yoramu alihesabu kuku uani ili asimtazame.

Kisha bega la mwanamke likaanza kutikisika. Akadhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka mlenda unamwagika, anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Umeutia limau," akasema. "Umeutia udi, wa bei. Na moshi wa vibuyu. Nani kakufundisha kufukiza?"

"Binti yangu. Yeye alifundishwa na mama yake."

Kicheko kikapungua. Akasema poleni na msiba, alizipata habari, na mama huyo alikuwa fundi, moshi umekolea vizuri. Yoramu akaona sasa ndiyo saa ya kukiri. Akaanza kueleza kwamba kule nyumbani kuna beberu mmoja, si beberu mbaya, lakini ana tabia, na mkoba ulianguka, na yeye hakujua...

"Usimsingizie beberu wako," Angelina akasema. "Ngozi yenyewe ni ya beberu. Baba hakuwa na nyingine. Ulikuwa unanuka tangu siku nakupa."

Yoramu akaacha kuhesabu kuku.

"Mama alikataa ulale ndani. Ulilala juu ya paa, na hapo juu pia ulisikika. Nikakuletea kisimani hivyohivyo. Nikasema, huyu kijana ana pua, mtaa mzima unaisifu pua yake. Akisema unanuka, basi, ni mtu kama watu wengine. Nikasimama ningoje useme. Ukasema asante. Nikangoja. Ukasema asante tena. Ukauvaa."

Akakumbuka Nikodemo na wenzake, wanabeba sufuria zao, wanahamia kivuli cha mbali. Miaka yote hii aliwasamehe wivu ambao hawakuwa nao.

"Ndiyo maana nikamtuma Stanley," Angelina akasema, na sasa hakuwa anacheka tena; alikuwa anaviringisha jani moja la mlenda katikati ya vidole. "Nilitaka nijue kama pua yako imeshapona. Na naona imepona. Umeuosha kama ugonjwa."

Yoramu akauchukua mkoba mapajani kwake. Akautia uso wote ndani, kama ng'ombe anayekunywa. Akavuta. Alisikia limau, na udi wa Mama Nasma, na moshi wa jikoni kwa Loisi, na chumvi, na ngozi. Akavuta tena, mpaka chini kabisa.

"Mimi sijausikia mpaka leo," akasema. "Watu ndio wameniambia. Wanaziba pua, nami nausugua. Nilikuwa nauliza tu, sasa? sasa? kwa sababu nilikuwa nakuja kwako."

Angelina aliweka ungo chini. Kuku walipata kula mlenda wote uliomwagika na hakuna aliyewafukuza. Stanley, aliyekuwa ameegemea pikipiki, aliona afadhali aende kuangalia kama ina mafuta.

Wakala ugali wa uwele na mlenda, wakazungumza habari za watu waliokwisha kufa, ambao ndio wengi. Hawakusemana la mwaka ule wa ng'ombe. Jua liliposogea, Stanley akaanza kukohoa kwa ajili ya basi. Yoramu akainuka, akanyoosha mkono kuuchukua mkoba. Angelina alikuwa ameukalia.

"Huu utabaki," akasema. "Sabuni imeuumiza. Shanga mbili zimetoka, nitazitia. Na hiyo harufu nitaitoa mimi, kwa njia ya baba, kwa samli na udongo na jua la hapa."

"Itachukua juma?"

"Juma ni la kuanzia. Utakuwa unakuja kuangalia."

Alirudi Dodoma bega tupu, na bega lile likawa linapanda juu lenyewe, kama linatafuta mkanda. Aliyekaa kiti cha mbele safari hii hakufungua dirisha. Yoramu alifika Nkuhungu jua limeshazama, taa zimewashwa, Gladness anasonga ugali. Binti alitazama mkono wa baba yake, akatazama bega, akauliza mkoba uko wapi.

Akasema umebaki kwa fundi. Gladness akauliza ni fundi gani huyo anayeweza kilichomshinda Mama Nasma na udi wake. Yoramu akasema ni fundi wa kule kule ulikotoka, na amesema harufu yenyewe ni sugu sana, si ya kutoka leo wala kesho, itabidi mtu awe anakwenda mara kwa mara kuangalia kazi inavyoendelea. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesikitika, na Gladness aligeuza ugali muda mrefu kuliko ugali unavyohitaji.

"Sugu kabisa?" akauliza.

"Tumwombe Mungu."

Akaenda bandani kuwapa mbuzi chumvi, ambayo sasa ilikuwa kwenye kopo la rangi. Mheshimiwa akaja na kitambi chake, akasukuma paja, na kwa mara ya kwanza hakupigwa teke. Alipewa kiganja kizima. Msumari ulikuwa pale ukutani, mtupu. Yoramu alisimama mbele yake kidogo. Kisha akavuta shati lake upande wa bega, pale mkanda ulipokuwa umelala njia nzima ya kwenda Gulwe, akalileta puani. Vumbi la Kongwa. Jasho. Hakuna kingine. Akajaribu tena, akafumba macho, pua ile inayosikia mvua ikiwa bado iko Chamwino, na hakuna kitu.

Akarudi mpaka mlango wa jikoni, akasimama kwenye mwanga na bega limetangulia mbele.

"Gladness, mwanangu, hebu ninusie hapa. Bado ipo?"

Binti akaacha mwiko, akasogea, akainama kwenye bega la baba yake.

"Ipo, baba," akasema. "Ipo sana. Usilifue shati."